Kitanda cha Sita

Saa kumi alfajiri. Pongwe bado imelala.
Feni ya wodi ya wanaume imekwama tena,
imegeukia ukutani kama mtu aliyesusa.
Nanawa. Kiganja kwa kiganja, kati ya vidole,
na kidole gumba, ambacho kila mwanafunzi hukisahau.
Bomba linatoa maji kwa kukohoa.
Nalisubiri.

Kitanda cha nne ni Shekimweri, mkata mkonge.
Mwiba ulimwingia mguuni mwezi wa mfungo,
akapasua kidonge cha rangi mbili,
akanyunyiza unga wake, akafunga tambara, akarudi shambani.
Sasa bandeji imelowa, haiwezi kungoja kukuche.
"We chokonoa tu, dada, mimi mwanamume."
Kidonda hakichokonolewi, baba.
Kidonda huulizwa, nacho hujibu
kwa rangi, kwa harufu,
kwa joto la ngozi inayokizunguka.
Namimina maji ya chumvi taratibu.
Pamba moja, safari moja:
iliyokwenda hairudi.

Mwenzangu wa mchana aliandika: chachi mbili ndani.
Natoa moja. Namulika tochi, natafuta ya pili
kama mtu aliyeangusha pete ndani ya pishi la mchele.
Ipo, imejibanza kwenye kona ya shimo,
imegeuka rangi ya chai.
Naandika: mbili zimetoka.
Namba ndogo.
Kwa namba ndogo kama hiyo mtu hukatwa mguu.

Kitanda cha sita, Singano.
Kitanda cha tisa, Singano.
Hawana undugu. Mmoja ana sukari,
mwingine ameshonwa ngiri juzi.
Adhana imekwisha, uji haujafika.
Nasoma kichupa nikikitoa kwenye friji,
nakisoma nikivuta, nakisoma nikikirudisha.
Uniti kumi.
Mhando anahesabu mistari kwa ukucha: kumi.
Sukari alishaipima yeye, iko kwenye faili.

Kitanda cha sita amejifunika shuka gubigubi,
mkono mmoja uko nje, umelegea,
kama umeniitikia kabla sijaita.
Nami nimechoka.
Faili linasema sita, ubao unasema sita,
spiriti imeshakauka kwenye ngozi yake.

"Jina lako kamili, baba."
"Singano."
"Singano nani?"
Mbu anapita kati yetu.
"Singano Mbwana."

Sindano yangu ina jina la Singano Rajabu.

"Mwenye kitanda yuko kule, karibu na choo.
Tumebadilishana sasa hivi, alipomaliza kupimwa.
Mkojo haumpi usingizi, maskini.
Nimemwonea huruma tu, dada."

Huruma tu.
Nimesimama na uniti kumi mkononi
mbele ya mtu ambaye hakula tangu jana,
ambaye angelala, akatoka jasho,
nasi tungesema, mwacheni, amepata usingizi.

Nakwenda kitanda cha tisa. Nauliza upya, majina yote,
kama simjui, ingawa jana
alinisimulia habari za ng'ombe wake hadi nikacheka.
Nachoma. Sindano haivishwi kofia tena,
inatumbukia uchi ndani ya kisanduku cha manjano.
Nabadilisha namba kwenye ubao. Chaki inakatika.

Nakaa na kitabu cha ripoti.
"Unaandika nini?" anauliza Mhando. "Si hukumchoma?
Yaliyopita si ndwele."
Mhando, ndugu yangu,
hii ni ndwele hasa, ile inayopita bila kuandikwa,
ikajua njia,
ikarudi siku nyingine kwenye zamu ya mtoto wa watu
aliyeanza kazi Jumatatu.

Naandika:
Saa kumi na mbili kasoro dakika saba.
Nilikaribia kumchoma asiyehusika. Spiriti nilishapaka.
Wagonjwa walibadilishana vitanda, sikujua.
Naomba mikanda ya majina, hata ya plasta na kalamu.

Kalamu inasita kwenye mstari wa saini.
Wengi wetu huchora mkia tu hapo, kama wa panya.
Mimi naandika herufi kwa herufi
jina langu kamili, kama nilivyomdai yule mzee:
Zaina Hoza Kilua.